Aliyeshika funguo asiwe hakimu: barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,

Nakala: Tume ya Kurekebisha Sheria, Mkuu wa Jeshi la Polisi, na wenyeviti wa serikali za mitaa popote walipo.

Mheshimiwa, nakuandikia kuhusu kitasa cha mlango.

Nimekaa miaka kadhaa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata yetu, hapa Dar es Salaam. Tulikuwa na meza moja, mabenchi mawili na daftari kubwa la kumbukumbu, na katika daftari lile neno lililojirudia kuliko yote ni "amenifungia". Watu huanza nalo hata kabla hawajakaa vizuri. Amenifungia. Amebadilisha kitasa. Nimerudi nimekuta kofuli jipya. Mengine, kipigo na nyumba ndogo na madeni, huja baadaye, mtu akishakunywa maji.

Nakusimulia ya mmoja, kwa sababu hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Alikuwa fundi cherehani. Asubuhi alipanda daladala kwenda Kariakoo kununua zipu na bitana. Alirudi saa nane mchana, akamkuta mwanawe wa darasa la pili amekaa kizingitini, begi la shule bado liko mgongoni. Akatia ufunguo. Ukaingia nusu, ukagoma. Akaufuta kwa pindo la khanga akidhani ni vumbi, akajaribu tena. Ndipo alipoangalia chini, akaona unga wa mbao umemwagika kwenye saruji, mweupe, mbichi, pale fundi alipotoboa mlango asubuhi ileile. Akampigia simu mumewe. Jibu lilikuwa maneno mawili: "Kafungue kwenu."

Ndani kulikuwa na cherehani yake ya miguu. Kulikuwa na vitambaa vya sare ya harusi ya Jumamosi, vya watu kumi na wanane, wote wameshatoa kianzio. Kitambulisho chake cha NIDA. Dawa zake za presha. Kadi ya kliniki ya mtoto mdogo, ambaye siku hiyo alikuwa kwa bibi yake. Mkononi alikuwa na mfuko wa zipu na simu yenye chaji kidogo.

Alianzia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi akampigia mume, akamsihi kwa heshima zote, simu ikakatwa. Akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akasema hana mamlaka ya kuvunja mlango wa mtu, tena makubaliano ya mauziano ya kile kiwanja, aliyoyagongea muhuri mwenyewe, yana jina la mume peke yake. Akaenda polisi. Akaulizwa, umepigwa? Hapana. Umeibiwa? Vitu vyangu viko ndani. Akaambiwa hayo ni mambo ya ndoa, wakayamalize nyumbani. Nyumbani ndiko alikokuwa amefungiwa.

Kwetu alifika siku ya nne. Alisimama mbele ya meza akasema, "Shikamoo mama. Mimi sitaki talaka, sitaki kesi. Nataka cherehani yangu na vitambaa vya watu."

Tukaandika wito, mume hakuja. Tukaandika wa pili, hakuja. Wa tatu alikuja, siku ya kumi na tisa, amevaa shati limepigwa pasi, mtulivu kabisa. Harusi ilikuwa imeshapita. Wateja walikuwa wameshamtukana yule dada hadharani, sokoni, na kumwita mwizi. Vianzio alivirudisha kwa kukopa.

Mheshimiwa, simlaumu balozi wala mwenyekiti wala yule askari. Kila mmoja alisema kweli kuhusu mpaka wa kazi yake. Hata sisi baraza tulikuwa hivyohivyo: tunasuluhisha, hatutoi amri. Katika ofisi zote alizopita hapakuwa na mtu mwenye uwezo wa kumwambia yule bwana fungua mlango, naye bwana alilijua hilo tangu siku alipomwita fundi wa vitasa.

Sheria ya Ndoa ya 1971 naiheshimu sana. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo, na ilimpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanaume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Kifungu cha 59 kinailinda nyumba ya ndoa. Mwenye nyumba hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na huyo mwenzake anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Mwenye nyumba akiiuza kwa kificho, mke au mume aliyemo anaendelea kukaa mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo, isipokuwa mnunuzi aonyeshe kwamba hakujua, na hata angefanya uchunguzi wa kawaida asingejua, kuwa ile ni nyumba ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaongeza kufuli lake: anayenunua au kukopesha kwa dhamana ya nyumba lazima aulize kama mwenzi ameridhia.

Ukiyasoma hayo yote kwa pamoja utaona walioyaandika walikuwa wanamtazama mnunuzi na benki. Waliogopa nyumba isitoke mikononi mwa familia. Fundi wa vitasa hawakumfikiria. Hakuna sentensi, katika maneno ambayo askari wa zamu anaweza kuyasoma kaunta na kuyaelewa, inayosema mume asimfungie mke mlango, au mke asimfungie mume, bila amri ya mahakama.

Mawakili wataniambia kwamba haki ya kukaa imo ndani ya kifungu hichohicho, na kwamba mahakama inaweza kutoa zuio la muda. Nakubali. Ila zuio la muda hutanguliwa na shauri. Shauri la talaka, kwa kawaida, hutanguliwa na hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana; ndivyo kinavyosema kifungu cha 101. Na hati ya baraza haitoki mpaka mwenzako aitwe, asikilizwe, au akaidi wito mara ya kutosha. Na kama hutaki talaka, kama yule dada? Huyo hata mlango wa kuanzia haujui. Wiki zinapita, na kila wiki inayopita aliyeko ndani anazidi kuwa mwenyeji, aliyeko nje anazidi kuwa mgeni.

Kuna jambo moja linalonikosesha usingizi zaidi, na wengi walioandika kuhusu mali za ndoa sijaona wakilishika.

Mahakama inapogawa mali za ndoa chini ya kifungu cha 114 inatazama kila mmoja alichangia nini kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke nazo zinahesabiwa kuwa mchango. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa, na wanawake wengi wamesimama juu yake mpaka leo. Lakini mchango unathibitishwa. Kifungu cha 60 kinaanza na dhana kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja ni ya huyo mmoja, mpaka mwingine aonyeshe vinginevyo. Sasa aonyeshe nini, na kiko wapi?

Kiko kwenye kabati la nguo, chini ya mashuka, kwenye mfuko wa nailoni. Risiti za saruji na nondo. Kitabu cha vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa, chenye mkopo uliopaua nyumba. Makubaliano ya kiwanja ambayo mke alitia saini kama shahidi kwa sababu siku ile hakuna aliyemwambia atie saini kama mnunuzi. Picha ya siku ya kumwaga zege, yeye ana karai kichwani na mimba ya miezi sita. Anayebaki na funguo anabaki na hayo yote, peke yake, kwa wiki na kwa miezi. Sisemi kila mmoja huyachoma. Ninachosema ni kwamba tulishapokea watu waliorudishiwa nguo zao ndani ya kiroba, wakamwaga kiroba kizima pale sakafuni mbele yetu, na hapakuwa na karatasi hata moja. Baadaye wanasimama mbele ya hakimu wanaombwa vielelezo. Aliyefungiwa nje leo ameshapoteza nusu ya kesi atakayoifungua mwakani.

Najua hoja itakayokuja, kwa sababu nimeisikia mezani kwetu mpaka nimeikariri. "Nyumba nimejenga mimi, kwa jasho langu, nani anipangie nani alale humo?" Huwa inasemwa kwa uchungu wa kweli, na mara nyingine ni kweli tupu kwamba amejenga mwenyewe. Jibu langu ni kwamba kukaa ni jambo moja na kumiliki ni jambo jingine. Nani anamiliki, kwa kiasi gani, hilo ni la mahakama na lina siku yake. Nani alale wapi usiku wa leo, ndoa ikiwa bado ipo, haliwezi kusubiri siku hiyo wala haliwezi kuamuliwa na aliyewahi kwenda duka la vifaa vya ujenzi.

Wenzetu wa Kenya wameyatenganisha mambo hayo mawili vizuri. Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 12, inasema mume au mke hatafukuzwa na mwenzake kutoka nyumba ya ndoa wakati ndoa ipo isipokuwa kwa amri ya mahakama. Wakati huohuo, Mahakama yao ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na haki kamili ya kulala ndani ya nyumba ambayo baadaye atapata sehemu ndogo tu, na hakuna aliyedhulumiwa.

Wala jambo hili si geni kwetu kwa mila na dini. Waislamu tunajua kwamba mke aliyeachwa talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrejea, hukaa eda yake katika nyumba ya mumewe na hatolewi, ilhali talaka imeshatamkwa. Itakuwaje basi atolewe ambaye hata talaka hajapewa? Nayasema haya nikijua kwamba Sheria ya Ndoa haifiki Zanzibar, na kule mashauri haya huenda kwa kadhi. Nazungumzia Bara.

Sasa kuna watu ambao hata kifungu cha 59 kwao kiko mbali. Mji huu umejaa wapangaji. Chumba na sebule, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mkataba una jina la baba. Ugomvi ukitokea, mume anamwambia mwenye nyumba "huyu simtambui tena", na mwenye nyumba, ambaye anachotaka ni kodi yake na amani uani kwake, anamwambia mama aondoke. Kifungu hakisemi neno kuhusu mwenye nyumba wa namna hiyo. Hata kwa waliojenga, zuio la msajili ni la nyumba yenye hati, na wengi wetu tumejenga kwenye viwanja ambavyo havijapimwa, vyenye karatasi ya mauziano na muhuri wa mtaa tu. Kule vijijini ni mbaya zaidi, maana ardhi ni ya ukoo wa mume na wanaokuja kukutoa ni mashemeji, wamekuja na panga la kufyekea lakini wamelishika vile unavyojua.

Wanaume nao wamo katika barua hii, na sitaki wajione wamesahauliwa. Tulimpokea kijana wa bodaboda ambaye mkewe aliweka kofuli akaenda kwao mkoani. Ndani kulikuwa na leseni yake na kadi ya pikipiki, akakaa wiki tatu bila kuingia barabarani, na mwenye pikipiki akampa mtu mwingine. Tulimpokea mzee mstaafu, watoto wamesimama upande wa mama yao, analala kwenye baraza ya msikiti na nyumba aliijenga kwa kiinua mgongo chake. Tulimpokea na yule aliyerudi kutoka kazini usiku akakuta nyumba nyeupe: mkewe alikuja mchana na kaka zake na kirikuu, wakabeba kila kitu mpaka pazia. Kumfungia mtu nje na kuisomba nyumba ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili ni mtu kujitolea hukumu.

Ninachoomba, Mheshimiwa, kwanza ni sentensi moja. Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ilishikilia uamuzi kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyohusu umri wa kuoa na kuolewa, virekebishwe. Sheria ikiwekwa mezani kwa sababu hiyo kubwa, kifungu cha 59 kisirudishwe kabatini kama kilivyo. Mimi si mwandishi wa sheria, ila nimejaribu kuiandika jinsi ningependa askari wa kaunta aisome: "Wakati ndoa ipo, mume au mke hatamzuia mwenzake kuingia au kukaa katika nyumba ya ndoa, iwe ya kumiliki au ya kupanga, kwa kubadilisha kitasa, kuweka kofuli au kwa njia nyingine yoyote, isipokuwa kwa amri ya mahakama, wala hataondoa vyombo vya nyumba kwa siri." Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Basi sentensi hiyo iandikwe hivyo, na ibandikwe kituoni pale pale kaunta.

La pili ni dogo kwa serikali na kubwa kwa mtu aliyesimama nje na mtoto. Mahakama ya Mwanzo ipewe uwezo wa kusikiliza, ndani ya siku mbili, ombi la kuchukua vitu vya lazima: dawa, nguo, sare na madaftari ya watoto, vitambulisho na vyeti, vitendea kazi, na karatasi zinazohusu mali, hizo za mwisho zitolewe nakala kama wote wawili wanazihitaji. Ombi hilo lisisubiri hati ya baraza, wala lisimlazimishe mtu kudai talaka asiyoitaka. Mlango ufunguliwe mbele ya mtendaji wa mtaa na askari, orodha iandikwe palepale, wote watie saini, abaki mmoja na nakala na mwingine na nakala. Nimeona mabaraza yakijaribu kufanya hivi kwa ustaarabu tu, bila nguvu ya sheria, na pale wote wawili walipokubali ugomvi ulipoa kwa kiasi cha kushangaza. Mtu aliyepata dawa zake na vitendea kazi vyake anakaa kitako kuzungumza. Aliyefungiwa anakuja na ndugu na nyundo.

Pale penye kipigo, mambo yageuke. Mpaka sasa anayepigwa ndiye anayekimbia na begi, na aliyepiga anabaki na nyumba, watoto na televisheni. Kenya wana sheria yao ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani tangu 2015, ambayo inairuhusu mahakama kumwachia aliyedhulumiwa nyumba na kumtoa aliyedhulumu. Sisi hatuna sheria inayojitegemea ya namna hiyo. Madawati ya jinsia na watoto yaliyopo polisi yanafanya kazi nzuri, lakini yakishaandika maelezo, usiku ule mama analala wapi? Haki ya kuingia nyumbani ninayoiombea haimhusu mtu aliyekatazwa na mahakama kwa sababu ya mikono yake, na hilo nalo liandikwe wazi ili lisije likatumiwa kumrudisha mpigaji kitandani kwa aliyempiga.

Hatuanzi sifuri. Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichofunguliwa Temeke mwaka 2021 kimekusanya mahakama za ngazi mbalimbali na ustawi wa jamii mahali pamoja, na mtu wa mirathi au ndoa hazungushwi kama zamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria ambao wapo mpaka mitaani. Watu wapo, majengo yapo. Amri ya kufungua mlango ndiyo haipo.

Wenyeviti wa mitaa, kwenu nina ombi lisilohitaji Bunge. Mkiletewa karatasi ya kiwanja mgonge muhuri na mbele yenu wapo mume na mke, ulizeni kama jina la mke liandikwe pia. Mnaulizia majirani wa mipaka minne. Muulizieni na huyu aliyesimama hapo na mtoto mgongoni.

Yule dada wa cherehani alipata vitu vyake mwishoni, kwa hisani ya mume, si kwa haki. Vitambaa vya sare vilikuwa bado vimekunjwa vile alivyoviacha, chaki ya kukatia iko juu yake. Leo amepanga fremu ndogo kando ya barabara, na cherehani inalala hukohuko dukani.

Mwezi uliofuata aliniletea bahasha ya kaki nimtunzie. Ndani mna nakala ya kitabu cha vikoba, vyeti vya watoto na risiti za mabati. Nadhani aliwaambia wenzake, maana wameanza kuja wengine. Kabatini kwangu sasa zipo nane. Ya mwisho ililetwa Jumapili iliyopita na binti aliyefunga ndoa mwezi uliopita, hina bado haijamtoka mikononi.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa mjumbe wa baraza la usuluhishi wa ndoa la kata,
Dar es Salaam